Mtalawanda

Mimi ni dobi; historia waulizeni wenye wino.
Lakini nguo ya mtu hainifichi neno:
najua foronya ya nani ina chumvi ya machozi,
na nani aliapa hanywi, pindo lake lanuka tembo.

Suami Vimalgiri alikuja Shela ya Malindi na shuka mbili,
rangi ya bizari iliyoungua kidogo chunguni.
Nikaziloweka pipa moja na kanzu ya Kadhi.
Kulipokucha, Kadhi ana kanzu ya chungwa
na mimi sina pa kujificha, Malindi nzima.

Nilikwenda kwake nimeinamisha uso.
Alicheka mpaka akakaa sakafuni.
"Miezi mitatu nahubiri," akasema,
kwa Kiswahili chake cha chaki na ubao,
"sijamgeuza hata paka. Wewe usiku mmoja
umemvika Kadhi."
Kisha akaenda mwenyewe kuomba radhi.
Waliyoongea siyajui. Najua alikawia,
na buli la kahawa lilijazwa mara ya pili.

Kwao, alinambia, avukaye maji meusi hana tena kwao:
mama yake alimwekea sahani mbali na za wengine,
akala, akaiosha, akapanda jahazi.
Wenye maduka ndio waliomwandikia barua.
Walitaka mtu wa kupiga kengele,
wa kubariki daftari mwaka wao ukianza.

Vallabhdas akamletea daftari lake, jipya na la zamani,
na ua jekundu juu.
Suami akaweka ua kando.
Akalisoma.
Ukurasa kwa ukurasa, taa ikala mafuta,
hadi kidole kikasimama: "Huyu Karisa Ngumbao,
pishi zake mbili za mahindi zimezaaje saba?"

Kuanzia siku ile maziwa hayakuletwa.
Ghala la pamba, alimofundisha watoto kukaa kimya
na kuhesabu pumzi kama wahesabuvyo senti,
likapata kufuli jipya.
Akafundishia barazani kwangu, kati ya kamba za nguo.
Walikuja watano, wakaja wawili,
ikawa siku nyingine ni mimi na mvuke wa pasi.
Hakunifundisha dini. Alinambia tu:
"Famau, ukikunja shuka, kunja shuka."
Nikadhani ananitania. Miaka sita nikadhani hivyo.

Jioni moja watoto walipita wakiimba, akauliza wanasemaje.
Nikang'ata ulimi. Akangoja; kungoja alikujua.
"Baniani mbaya," nikasema, "kiatu chake dawa."
Akautazama mtalawanda wake, kigingi kimelegea,
kisigino kimeliwa upande.
"Dawa ya ugonjwa gani?"
Sikuwa na jibu. Wahenga hawakusema.

Homa ilimchukua mwezi wa mvua kubwa.
Hapo wakaja wote, maduka yakafungwa,
na Vallabhdas alilia, sitamsingizia, alilia kweli.
Lakini kuni zilikuwa mbichi, na kavu hakuna mjini.
Akatokea Karisa na punda wawili, kuni kavu tupu,
za jikoni kwake. Akaulizwa bei.
"Ni deni," akasema, na hakufafanua
la nani kwa nani.

Majivu tuliyapeleka mdomoni mwa Sabaki.
Ganga i mbali, alikwisha kusema;
huu nao unajua njia ya baharini.
Ulikuwa umefura, mwekundu wa udongo wa bara,
ukaingia katika bahari ukaitia rangi
maili nzima, kama pipa langu,
na hakuna aliyeomba radhi.

Ile kanzu Kadhi hakuileta tena nimtilie nili.

Mtalawanda mmoja ninao, wa kushoto; wa pili uliungua naye.
Watu huja, kwa siri, mtoto ana homa,
huomba niwakwangulie unga wa ule mti.
Nawatuma hospitali.
Dawa ya nini, mpaka leo sijui.
Nauzuilia mlango, upepo usije ukaufunga.